Muage "Mwandishi Wetu": namna chumba cha habari kinavyoweza kuwatangaza waandishi wake mitandaoni

Mwandishi aliyeandika habari nyingi kuliko wote Tanzania anaitwa Mwandishi Wetu. Asubuhi yuko bungeni Dodoma, mchana yuko Mbeya kwenye ajali ya lori, jioni yuko Dar es Salaam kwenye uzinduzi wa albamu. Hajawahi kuomba likizo. Kazi ikiwa kubwa anaita ndugu zake, na habari inatoka kwa jina la Waandishi Wetu. Kasoro yake ni moja tu: hana sura, hana simu, na msomaji hana pa kumfuata.

Enzi za karatasi hilo halikuuma sana, maana msomaji alinunua gazeti zima. Kwenye simu hanunui gazeti zima. Anakutana na habari moja moja, katikati ya picha za harusi ya binamu yake na klipu ya bao la jana, na anaamua kwa sekunde mbili kama amwamini aliyeileta. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatapewa nafasi mbele ya yale ya kurasa za vyombo vya habari. Mitandao mingine ina njia zake, lakini mtumiaji ni yule yule: anamjibu mtu kwa wepesi kuliko anavyoijibu nembo.

Mwongozo huu ni wa mhariri wa gazeti, wa redio ya wilayani au wa televisheni ya mtandaoni yenye kamera mbili. Nimekaa dawati la mtandaoni muda wa kutosha kujua pingamizi la kwanza litatoka wapi. Kwenye kikao cha asubuhi mhariri mkongwe atakohoa na kusema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpe shikamoo yake, kisha mwambie kwamba makanjanja wamejitembeza miaka yote hii na wameuza. Chema kilichofungiwa stoo hakijiuzi.

Hatua ya 1: Rudisha jina juu ya habari

Kabla hujafungua TikTok, fungua tovuti yako mwenyewe. Hesabu habari za wiki iliyopita zilizotoka bila jina la mtu. Nilipofanya zoezi hilo mara ya kwanza nilitegemea kukuta chache. Nikakuta ndizo nyingi, na baadhi yake zilikuwa kazi nzuri ambazo watu walizitolea jasho. Ukiuliza sababu, mara nyingi hakuna. Aliyekuwa zamu usiku alinakili, akabandika, akalala.

Weka kanuni fupi. Habari iliyoandikwa na mtu ibebe jina la mtu. Habari iliyotokana na taarifa kwa vyombo vya habari iseme hivyo, isijifiche nyuma ya Mwandishi Wetu kana kwamba kuna aliyetoka ofisini. Habari ya watu watatu ibebe majina matatu. Jina la bandia la chumba libaki kwa kazi yake halali, yaani pale ambapo kumtaja mwandishi kunamweka hatarini: habari za magendo mpakani, za vyombo vya dola, za watu waliopotea. Uamuzi huo aufanye mhariri pamoja na mwandishi mwenyewe, na sababu iandikwe ndani ya ofisi. Mwandishi wa kujitegemea Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Anayetaka kuwatangaza waandishi bila kufikiria upande huo hajui anachokicheza.

Kisha mtengenezee kila mwandishi ukurasa wake kwenye tovuti: picha, sentensi tatu kuhusu anachoripoti na tangu lini, mkoa alipo, lugha anazozungumza, anwani ya kazini, na orodha ya habari zake inayojijaza yenyewe. Jina lililo juu ya kila habari liwe kiungo cha kwenda huko. Kazi hii haina mbwembwe na hakuna atakayekupongeza. Lakini kila utakachoposti baadaye kitahitaji mahali pa kumpeleka mtu, na mahali hapo pasiwe ukurasa wa Instagram ambao kesho unaweza kufungwa.

Hatua ya 2: Jua kila mmoja anajulikana kwa lipi

Kaa na kila mwandishi nusu saa. Usimwulize ana wafuasi wangapi. Mwulize: watu hukupigia simu kukuuliza nini? Jibu la swali hilo ndilo eneo lake. Kuna dada mmoja kwenye chumba nilichofanya kazi ambaye kila mtu alidhani ni wa habari za burudani, kwa kuwa ndizo alizopangiwa. Kumbe majirani, shangazi zake na nusu ya kanisa lao walikuwa wanampigia kuuliza mambo ya bima ya afya, kwa sababu aliwahi kuuguza mama yake na akaijua mifumo yote ya hospitali. Tulimhamishia afya. Ndani ya miezi michache akawa ndiye anayetajwa kwenye magrupu ya WhatsApp: "muulizeni yule dada."

Andika mstari mmoja kwa kila mtu: fulani, mahakama za Dar es Salaam, fulani, korosho na ufuta Kusini, fulani, soka la wanawake. Mstari ukikataa kuandikika, tatizo liko kwenye upangaji wa kazi na halitatatuliwa na kampeni ya mtandaoni.

Usimlazimishe asiyetaka. Kuna waandishi wazuri sana ambao kamera inawakausha mate. Hao watangaze kwa maandishi yao, kwa picha ya mikono ikiwa imeshika daftari, au kwa sauti. Na usimpeleke kila mtu kila mtandao. Mwandishi wa mahakama anafaa X (zamani Twitter), ambako uzi, yaani mfululizo wa machapisho, wa mwenendo wa kesi una wasomaji wake. Wa mapishi na afya anafaa video fupi. Wa redio ya jamii mara nyingi hahitaji zaidi ya WhatsApp na Facebook, kwa kuwa wasikilizaji wake ndiko waliko.

Hatua ya 3: Kubalianeni akaunti ni ya nani, na iandikwe

Hapa ndipo vyumba vingi hukwepa, halafu hujuta. Akaunti yenye jina la mwandishi, iliyokua kwa sababu ya jina la chombo, akihama inabaki kwa nani?

Mwaka 2011 mwandishi Laura Kuenssberg alihama BBC kwenda ITV ya Uingereza. Akaunti yake ya Twitter ilikuwa na jina la BBC ndani yake na wafuasi karibu 60,000. Alibadili herufi tu, akaondoa BBC, akaweka ITV, na wafuasi wakaenda naye. Mwaka huo huo, huko Marekani, kampuni ya PhoneDog ilimshtaki aliyekuwa mwandishi wake, Noah Kravitz, kwa sababu aliondoka na akaunti yenye wafuasi wapatao 17,000. Kampuni ilidai dola 2.50 kwa kila mfuasi kwa kila mwezi kwa miezi minane. Piga hesabu, ni dola 340,000. Wakamalizana nje ya mahakama mwishoni mwa 2012, na Kravitz akabaki na akaunti.

Kutokana na visa hivyo, ushauri wangu ni huu. Akaunti ya mtu iwe ya mtu. Isibebe jina la chombo ndani ya jina la akaunti. Chombo kitajwe kwenye wasifu, pamoja na kiungo cha ukurasa wake wa tovuti. Akaunti ya kipindi au ya dawati iwe ya chombo, hata kama sura inayoonekana ni moja. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, ikieleza nani anamiliki nini, nani ana nenosiri, video iliyopigwa kwa kamera ya ofisi inaweza kutumika wapi, na nini kitatokea mtu akiondoka. Mwandishi asaini, mhariri mtendaji asaini, kila mmoja abaki na nakala.

Usimwombe mwandishi nenosiri la akaunti yake binafsi. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 4: Panga nyumba kabla ya kukaribisha wageni

Jina liandikwe vile vile kila mahali, kama lilivyo kwenye habari. Picha iwe ya uso, ya karibuni, isiwe ya mahafali. Wasifu useme kazi: "Naripoti mahakama za Dar es Salaam. Una nyaraka? Niandikie." Maneno kama "mpenda maendeleo" na "mtoto wa Mungu" hayamsaidii anayetafuta mtu wa kumpa habari.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti, kwa programu ya kutoa namba za siri ikiwezekana, kuliko kutegemea ujumbe wa simu peke yake. Namba ya simu iliyounganishwa iwe laini ambayo mwandishi bado anaimiliki. Nimeshuhudia akaunti nzuri ikipotea kwa sababu laini iliyosajiliwa ilikaa bila kutumika, ikafungwa, kisha ikauzwa kwa mtu mwingine. Kuhusu tiki ya bluu: tangu Aprili 2023, X ilipoondoa zile za zamani, tiki pale mara nyingi inaonyesha tu kwamba mtu amelipia. Mwandishi athibitishwe na tovuti yenu. Ukurasa wake utaje akaunti zake halisi, ili anayemwigiza ajulikane.

Hatua ya 5: Badilisha namna mnavyoposti

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua habari ya korosho. Namna ya kawaida ni hii:

"HABARI MOTO: Wakulima wa korosho walia na malipo!!! SOMA ZAIDI, linki kwenye bio."

Hakuna mtu ndani yake. Sasa jaribu hivi:

"Fulani amekaa siku nne Tandahimba, ghala kwa ghala, akilinganisha stakabadhi za wakulima na tarehe za mnada. Alitaka kujua fedha hukwama wapi kati ya mnada na mfuko wa mkulima. Alichokipata ni hiki. Una stakabadhi ambayo haijalipwa? Mwandikie mwenyewe."

Halafu mtagi. Chapisho la pili lina mambo matatu: nani alifanya, alifanyaje, na msomaji aingie wapi. Mtu aliyeko Newala mwenye stakabadhi kwenye kabati ana sababu ya kuandika, na hiyo ndiyo habari yenu ya wiki ijayo.

Kwenye Instagram tumia chapisho la pamoja, nyenzo iliyopo tangu 2021: video moja inaonekana kwenye ukurasa wa chombo na wa mwandishi, na maoni yanakusanyika mahali pamoja. Hii inamaliza ugomvi wa nani aposti kwanza. Kwenye X, acha mwandishi aanzishe uzi, kisha akaunti ya chombo imshee yeye. Msiposti upya maneno yake kama yenu. Kwenye chaneli ya WhatsApp, ambako jina la mwandishi hupotea kirahisi, litaje ndani ya sentensi ya kwanza, maana watu husambaza ujumbe na kuacha picha nyuma. Kwenye YouTube jina liwe kwenye maelezo na liandikwe pia chini ya uso wake kwenye video. Klipu itakatwa na watu wengine, na maandishi ndani ya picha ndiyo yatakayosafiri nayo.

Weka maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye kila video. Mtu yuko kwenye daladala, hana spika za masikioni, na jirani yake amelala. Video iwe nyepesi pia. Bando si maji ya mvua, na anayeona kiduara kinazunguka ataenda kwingine.

Hatua ya 6: Onyesha jikoni

Katika yote, hili ndilo lililonipa faida kubwa kuliko nilivyotarajia. Wasomaji wengi hawajui habari inapikwaje. Wanadhani mwandishi alipigiwa simu na mtu mkubwa, au alipewa bahasha. Dawa ya dhana hiyo ni kuwaonyesha: saa ngapi umekaa nje ya ofisi ukisubiri jibu, barua uliyoandika kuomba maoni na tarehe yake, ramani uliyochora, simu ulizopiga bila kupokelewa.

Mfano wa mahakama. Kila anayeripoti Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, anajua sentensi moja kwa moyo: kesi imeahirishwa, upelelezi haujakamilika. Kwa msomaji hiyo ni habari ya mstari mmoja na kuchoka. Lakini mwandishi akirekodi dakika moja nje ya geti akieleza kwa nini baadhi ya mashtaka hayana dhamana, kwa nini mahakama ile inalitaja shauri tu huku mamlaka ya kulisikiliza yakiwa kwingine, na mtuhumiwa anarudi wapi baada ya hapo, watu wataisikiliza hadi mwisho. Hajatoa siri wala maoni. Ameeleza anachokijua kwa kuwa amekaa kwenye mabenchi yale mara mia. Mkenya Larry Madowo wa CNN amekuwa akifanya jambo la aina hii kwa safari zake: mtazamaji anaona viwanja vya ndege, foleni na nyuso, kisha anaiona ripoti yenyewe.

Kuna mambo ya kutoonyesha. Usipige picha daftari likiwa wazi. Usiposti mahali ulipo ukiwa bado pale, hasa ukiwa na chanzo kinachoogopa; subiri urudi. Picha ya hati iangaliwe na mhariri kabla, kwa sababu mhuri, namba ya jalada na hata kivuli cha dirisha vinaweza kumtaja aliyekupa. Na mtoto wa mtu asiwe pambo la safari yako ya kikazi.

Usiwasahau wasioandika. Mpiga picha, mhariri wa video, dereva anayezijua njia za Kilombero wakati wa masika, mwenyeji wa kijijini aliyewatafsiria. Jina la mpiga picha liwe kwenye kapsheni kila mara, si "Picha: Maktaba" kwa picha iliyopigwa jana. Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, na blogu hiyo ikawa nyumba ya habari ya Watanzania wengi walioko ughaibuni. Kipaji kilikuwa ndani ya chumba cha habari; kilichokosekana ni dirisha.

Na waandishi wa mikoani, wanaolipwa kwa habari? Watangaze sawa na walioajiriwa. Wengi wana majina makubwa wilayani kwao kuliko mhariri mkuu, na ofisini hakuna anayejua. Ukiwaomba video ya ziada, walipe ya ziada. Umaarufu haununui unga.

Hatua ya 7: Walinde

Ukimweka mtu mbele, umemweka pia kwenye shabaha. Mwaka 2020 UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Waandishi wa Habari (ICFJ) waliendesha utafiti uliojibiwa na waandishi 901 kutoka nchi 125. Asilimia 73 ya wanawake walisema wamewahi kushambuliwa mtandaoni kwa sababu ya kazi yao, na asilimia 20 walisema vitisho vya mtandaoni viliwafuata hadi nje, kwenye maisha halisi. Kwetu mashambulizi yana lugha yake: mwili wake, ndoa yake, kabila lake, "nani kakutuma", "umelipwa shilingi ngapi". Ukimwambia dada wa watu "usisome komenti", umemwacha peke yake.

Panga mambo haya kabla ya siku yenyewe. Awepo mtu wa zamu anayesoma maoni kwenye machapisho ya chombo na kuficha matusi. Asiwe mwandishi anayetukanwa. Mfundisheni kila mtu kupiga picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti kabla ya kufuta, kwa kuwa polisi na wakili wataiuliza. Kuwe na namba moja ya kupiga usiku, na anayepokea awe na mamlaka ya kumhamisha mtu nyumbani kwake kama kuna tishio. Kila mwandishi apitie akaunti zake za zamani na kuondoa picha za watoto, sare ya shule, geti la nyumba, namba ya gari. Mwandishi akishambuliwa kwa habari iliyo sahihi, chombo kitoe tamko kwa jina la chombo chenyewe. Tamko la mistari minne linalotoka saa ile ile lina thamani kuliko la kurasa mbili baada ya wiki.

Na akikosea? Asahihishe kwa jina lake, palepale alipokosea, na chombo kisahihishe vilevile. Kufuta kimyakimya hakusaidii. Mtu ameshapiga picha ya skrini.

Hatua ya 8: Chora mipaka

Machi 2023 BBC ilimwondoa hewani mtangazaji wake wa soka, Gary Lineker, kwa ujumbe alioandika Twitter kuhusu sera ya wakimbizi ya Uingereza. Wenzake wakagoma, na Jumamosi ya tarehe 11 kipindi chake cha soka, Match of the Day, kikarushwa kwa dakika kama 20, bila watangazaji wala wachambuzi. Huku kwetu kila aliyezoea kipindi kile aliona. Ugomvi ule ulitokana na kanuni zilizokuwa na ukungu: je, zinamhusu mtu wa michezo? Mwandishi wa kujitegemea je? Andika zako zieleweke. Mwandishi wa siasa asimpigie debe mgombea wala asivae rangi za chama, hata kwenye picha ya familia. Kushea kitu bila maelezo kuhesabiwe kuwa ni kauli yake, kwa kuwa ndivyo wasomaji wanavyoelewa. Kenya inaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na chumba kitakachosubiri kampeni zianze ndipo kiandike kanuni kitakuwa kimechelewa.

Mpaka mwingine ni matangazo. Mwandishi akipata wafuasi, kampuni zitamtafuta: posti moja ya simu, posti moja ya mkopo wa haraka. Hiyo ni bahasha iliyobadili nguo. Amua mapema: anayeripoti biashara hatangazi biashara. Kama chombo kinaruhusu watangazaji wa burudani, neno "tangazo" lionekane na ofisi ijue malipo.

Tanzania kuna suala la sheria pia. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinataka leseni kwa watoa huduma za maudhui, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huzitumia. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa kwa siku 30 kutokana na katuni ya video iliyowekwa mitandaoni na The Citizen. Muulize wakili wako mapema: akaunti ya mwandishi inayoposti habari za chombo inahesabiwa vipi, na leseni ikisimama yeye anyamaze au la? Ukikusanya namba za simu za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Kenya wana yao ya 2019.

Na usijenge nyumba kwenye kiwanja kimoja. X ilizuiwa Tanzania Mei 2025, na aliyekuwa na wafuasi huko tu alibaki anazungumza na wenye VPN, yaani programu ya kukwepa zuio, na walio nje ya nchi. Kila mwandishi awe na mitandao miwili na ukurasa wake wa tovuti.

Hatua ya 9: Hesabu kinachohesabika

Wafuasi wananunulika, hivyo usiwaweke kwenye ripoti ya mwezi kama ushindi. Mimi huangalia mambo manne: wangapi walibonyeza jina la mwandishi na kwenda kwenye ukurasa wake, wangapi walirudi ndani ya siku thelathini, jumbe ngapi zilizoleta habari ziliingia kwenye inboksi yake, na ni mara ngapi chombo kingine kilimwita azungumze kuhusu eneo lake. La tatu ndilo la maana zaidi. Mwandishi wa maji mwenye wafuasi elfu mbili, wanaomtumia picha kila bomba likipasuka, ana faida kwa chumba kuliko mwenye laki mbili wanaomwachia alama za moto na mioyo.

Muda wa kazi hii uhesabiwe kama kazi. Ukimtaka arekodi video, ajibu maoni na aandike uzi, mpunguzie habari moja. Vinginevyo ndani ya miezi miwili ataposti mara moja kwa wiki, kwa hasira.

Hatua ya 10: Jiandae kumuaga

Ukifanya haya vizuri, watakuja kuwachukua. Millard Ayo alikuwa mtangazaji wa Clouds FM huku akijenga tovuti yenye jina lake, na leo jina hilo ni chombo cha habari. Salim Kikeke aliondoka BBC Swahili mwaka 2023 baada ya takribani miaka 20, na sauti ambayo watu waliizoea ikaondoka naye. Mhariri akiogopa hilo ataamua kutomtangaza mtu yeyote, na waandishi wataondoka vilevile, ila safari hii bila msomaji kugundua kwamba kuna kitu kimepungua.

Siku ya kuondoka, chombo kiposti kwaheri yenye picha na habari zake tano bora. Yeye abadili wasifu wake ndani ya siku saba, kama ilivyo kwenye barua mliyosaini. Akaunti za dawati zibadilishwe nenosiri siku hiyo hiyo. Mrithi wa eneo lake atambulishwe na yeye mwenyewe, kwa video moja, wakiwa wamesimama pamoja: "kuanzia Jumatatu mambo ya mahakama mwulizeni huyu."

Halafu mwambie fundi wa tovuti aache ukurasa wake wazi na majina kwenye habari zake za nyuma kama yalivyo. Niliwahi kumkuta mtu akiyabadilisha moja baada ya jingine, miaka sita ya kazi ya mwenzetu, kuwa Mwandishi Wetu. Alisema ameagizwa.